Maswali ya Wasomaji: Uingereza Iliomba Radhi, Nani Aliwajibika?

SWALI: Mhariri, marehemu baba yangu mdogo alichukuliwa na wazazi wake kutoka Mombasa kwenda London mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka saba. Alisoma na kufanya kazi huko, lakini mwaka 2015 mwajiri alimwachisha kwa kukosa hati za ukaazi, na alifariki kabla ya kuzipata. Je, nani aliwajibika, na sisi warithi tuna haki gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Poleni kwa msiba. Kwa maelezo yako, marehemu hakuwa na kosa lolote; aliumizwa na sakata liitwalo Windrush, ambalo Uingereza iliomba radhi kwalo, la wakazi halali waliochukuliwa kama wahamiaji haramu kwa kukosa hati. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, iliwapa raia wa Jumuiya ya Madola waliokwisha kuweka makazi Uingereza haki ya kubaki, ila serikali haikuwapa karatasi ya kuithibitisha wala haikuweka orodha yao. Sheria za mwaka 2014 na 2016 zikawabana zaidi waajiri na kuwalazimisha wenye nyumba na benki kukagua hati, na wapo waliotakiwa kutoa ushahidi wa kila mwaka waliokaa nchini, ilhali Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ilikuwa imeziteketeza kadi za kuwasili za zamani mwaka 2010.

Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu Aprili 2018, lakini sababu aliyoitoa ni kwamba aliipotosha kamati ya Bunge, bila kukusudia, kuhusu malengo ya kuwaondoa wahamiaji haramu. Kwa dhuluma yenyewe hakuna waziri aliyeacha kiti. Ripoti ya Machi 2020 ya Wendy Williams, aliyepewa kazi ya kuchunguza sakata hilo, ilieleza kuwa madhara hayo yangeweza kuonekana mapema na kuepukwa, ikatoa mapendekezo 30, ambayo serikali iliyakubali, kisha Januari 2023 Suella Braverman, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, akayatupa matatu. Juni 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuyatupa mawili kati ya hayo kulikuwa kinyume cha sheria.

Kwa maoni yangu, uwajibikaji umekwama zaidi kwenye fidia. Mpango ulioanzishwa mwaka 2019 unaendeshwa na wizara ileile iliyowaumiza watu, yaani kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Novemba 2021 kamati ya Bunge ilishauri kazi hiyo ikabidhiwe chombo huru, na wizara ikakataa.

Hata hivyo, msikate tamaa. Mpango huo unaitwa Windrush, kwa jina la meli iliyowaleta Wakaribi mwaka 1948, lakini unawahusu pia waliotoka Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola. Dai la marehemu linaweza kuwasilishwa na msimamizi wa mirathi, na muda wa mwisho wa kudai uliondolewa. Tafuteni kumbukumbu za shule, za kodi, na barua ya kuachishwa kazi. Msiporidhika na uamuzi, mapitio ya kwanza hufanywa ndani ya wizara, na ya pili na ofisi ya mwamuzi iliyo nje yake. Ombeni yote mawili.