Windows 7 inayokataa masasisho ya usalama: usikimbilie kununua ubao mama

SWALI

Habari za kazi, fundi. Nina stesheneri ndogo Morogoro, na kompyuta mbili za mezani, zote Windows 7. Nimezing'ang'ania kwa sababu mashine yangu ya kopi na kuchapa haina drayva ya Windows mpya zaidi. Ile ya kaunta iliingiwa na virusi vya flashi, mafaili ya wateja yakageuka shotikati, fundi akaipiga Windows upya. Tangu siku hiyo, nikitafuta masasisho inaniletea 80072EFE. Kijana wa jirani alipakua sasisho moja akaliweka kwa mkono, likakataa kwa namba 0x80092004. Ile ya ndani haijawahi kupigwa upya. Tuliiwekea sasisho la mwaka 2021, likaingia vizuri, ila kompyuta ilipojiwasha tena iliandika "Failure configuring Windows updates. Reverting changes", ikakaa hapo karibu saa nzima na kurudi ilivyokuwa. Fundi anasema ubao mama wa zote mbili umechoka, ninunue mwingine. Je, ni kweli?

JIBU

Dada yangu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Kati ya namba ulizoniandikia hakuna hata moja inayolalamikia kifaa. Ubao mama ukianza kufa, kompyuta huganda, hujizima yenyewe au haiwaki kabisa. Haitakuandikia 80072EFE. Kompyuta zako zina matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa sura, na yote mawili yana maelezo.

Nianze na ya kaunta, maana ndiyo yenye kisa kirefu.

Kila sasisho la Windows huja na sahihi ya kidijitali, yaani muhuri unaothibitisha kwamba faili limetoka Microsoft na halijaguswa njiani. Kabla ya kulipokea, Windows huukagua muhuri huo. Kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa hesabu iitwayo SHA-1, ambayo ni ya mwaka 1995. Februari 2017, watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wenzao wa Google walitoa hadharani mafaili mawili tofauti ya PDF yenye alama moja ileile ya SHA-1. Nyaraka mbili tofauti zikiweza kubeba alama moja, muhuri huo hauaminiki tena. Microsoft wakahamia SHA-2. Machi 2019 walitoa masasisho ya kuifundisha Windows 7 kuusoma muhuri mpya, na kuanzia Agosti mwaka huohuo masasisho yake yote yakawa yanakuja na SHA-2 peke yake.

Sasa fikiria fundi alichofanya. Alikuwekea Windows kutoka kwenye CD au flashi ya zamani, pengine ya mwaka 2011 au hata 2009. Kompyuta ikarudi kwenye ujuzi wa mwaka huo. Ukiiletea sasisho la leo, inaona muhuri ambao haijawahi kufundishwa kuusoma, inalikataa na kuandika 0x80092004. Kwa kweli imefanya kazi yake sawasawa: barua ambayo huwezi kuthibitisha sahihi yake huipokei.

Namba 80072EFE nayo maana yake ni kwamba mawasiliano yamekatwa kabla hayajakamilika. Wengi wakiiona hukimbilia kununua bando jingine au kugombana na mtoa huduma wa intaneti. Intaneti yako haina kosa. Mwaka 2020 Microsoft walizizima seva za masasisho zilizokuwa zikitumia SHA-1, na Windows 7 iliyotoka kupigwa haiwezi kuelewana na zilizobaki. Kwa hiyo imenasa: haiwezi kwenda mtandaoni kufuata kile kitu ambacho kingeiwezesha kwenda mtandaoni. Lazima uiletee kwa flashi.

Kabla hujagusa chochote, tazama saa na tarehe pale chini kulia. Kompyuta nyingi za umri huu betri yake ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu yenye maandishi CR2032, imeshakufa, hivyo kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009 haitakubali cheti cha leo. Dalili yake mara nyingi ni namba 80072F8F. Betri hiyo ni ya bei ndogo na unaibadilisha mwenyewe kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Ukiona "Build 7601: Service Pack 1", endelea. Ukiona 7600, kompyuta haina Service Pack 1, yaani lile furushi kubwa la marekebisho ya Windows 7, na bila hiyo hakuna sasisho lolote kati ya nitakayoyataja litakaloingia. Jina lake la kutafutia ni KB976932. Ni mzigo mkubwa, karibu MB 900 kwa Windows ya biti 64, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi kuliko kumaliza bando la simu. Diski C iwe na nafasi ya GB 10 hadi 15, maana wakati wa kuingia linahitaji nafasi kubwa kuliko ukubwa wake. Na kazi za wateja zihamishie kwenye diski nyingine kabla ya yote. Ninalisisitiza hili kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha, Windows inaweza isiwake tena. Kama una UPS, siku hiyo iwe ya kompyuta hiyo peke yake.

Mafaili yapakue kwa kompyuta nyingine yenye kivinjari cha kisasa, kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, catalog.update.microsoft.com. Usichukue kwenye tovuti nyingine hata kama imekuja juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji. Tumetoka kuzungumzia mihuri, na faili la kuokota ndilo hasa mihuri ilitungwa kulizuia. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64: bonyeza kulia kwenye Computer, kisha Properties. Ya 64 huandikwa x64, ya 32 huandikwa x86. Ukikosea hapo utaambiwa "The update is not applicable to your computer", na watu hupoteza siku nzima wakidhani faili limeharibika.

Unahitaji manne, na mpangilio wake usiuvuruge. La kwanza KB4490628, ambalo linarekebisha kile kipande cha Windows kinachoshughulika na kuweka masasisho. La pili KB4474419, ndilo la kuifundisha SHA-2. Hapo zima na kuwasha, usiruke. La tatu KB4536952, rekebisho jingine la kipande kilekile. La mwisho KB4534310, furushi la tarehe 14 Januari 2020. Hili la mwisho ndilo lenye nyama. Tangu Oktoba 2016 mafurushi ya kila mwezi ya Windows 7 yalikuwa yakilimbikizwa, la mwezi mmoja likibeba pia ya miezi iliyotangulia, kwa hiyo ukiweka moja hili umepata zaidi ya miaka mitatu ya masasisho ya usalama kwa mkupuo.

Kuna kero utakutana nayo. Ukibofya faili mara mbili litaandika "Searching for updates on this computer" na linaweza kukaa hapo masaa huku kompyuta ikiunguruma. Injini ya zamani ya kutafuta masasisho inapotea kwenye orodha ndefu. Nenda Control Panel, Windows Update, Change settings, chagua "Never check for updates". Chomoa waya wa mtandao, zima na kuwasha, kisha weka masasisho moja moja kutoka kwenye flashi. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ukimaliza, fungua kisanduku cheusi cha amri (Command Prompt) na uandike:

wmic qfe | find "4474419"

Ikikurudishia mstari wenye namba hiyo, limeingia. Isiporudisha kitu, halikuingia, hata kama dirisha lilisema limekamilika.

Likikataa kwa namba nyingine, kuna mambo mawili ya kujaribu kabla ya kufikiria kupiga Windows upya tena. Mara nyingine kinachogoma ni ghala la mafaili yaliyopakuliwa nusu. Fungua kisanduku cha amri kwa "Run as administrator", kisha andika mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.zamani
net start bits
net start wuauserv

Windows itajitengenezea ghala jipya. Orodha ya historia ya masasisho itaonekana tupu, lakini yaliyokwisha kuingia bado yapo. Ila ukikutana na 80073712, hapo ni mafaili ya Windows yenyewe yaliyoharibika. Kwenye intaneti utashauriwa utumie amri ya DISM yenye RestoreHealth. Hiyo ni ya Windows 8 kuja juu, kwa Windows 7 haifanyi kazi. Ya kwako ni zana iitwayo KB947821. Ikimaliza, ripoti yake iko C:\Windows\Logs\CBS\CheckSUR.log, na mwishoni inataja mafaili ilioshindwa kuyatengeneza.

Baada ya KB4534310 usishtuke picha ya mbele ya skrini ikigeuka nyeusi. Si virusi. Sasisho hilo lilikuwa na kasoro kwa picha zilizowekwa kwa mtindo wa "Stretch". Badili uweke "Fill", itarudi.

Sasa ile ya ndani. Hiyo haikushindwa kusoma muhuri, ndiyo maana sasisho lilianza kuingia. Ilichokosa ni leseni. Microsoft walimaliza kutoa masasisho ya bure ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kuanzia hapo hadi tarehe 10 Januari 2023 waliendelea kuyatengeneza kwa mashirika na biashara zilizolipia kila mwaka, na bei ilipanda maradufu kila mwaka. Mafaili yenyewe yanaonekana na mtu yeyote anaweza kuyapakua. Yanaingia, kompyuta inajizima, na inapowaka ndipo Windows inatafuta ufunguo wa malipo. Usipokuwepo inakunja kila kitu na kuandika "Reverting changes". Ndicho ulichokiona kwa saa nzima. Umefanya vyema sana kutoizima kwa nguvu, maana hapo ndipo kompyuta nyingi nzima huharibiwa. Hakiki kwa amri ile ya wmic kama KB4534310 limo. Kama halimo, liweke. Kama limo, hapo ndipo mwisho wa barabara, na sasisho lolote la tarehe ya mbele litakalokataa si ugonjwa wa kutibu.

Huenda ukauliza, basi kwa nini nihangaike na sasisho la mwaka 2020? Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu kwenye njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikiana mafaili. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu haribifu iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia, ikaziparaganya hata hospitali za Uingereza. Sehemu kubwa ya zilizopigwa zilikuwa Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Kompyuta yako iliyotoka kupigwa kutoka CD ya 2011 iko katika hali hiyohiyo leo. Furushi la KB4534310 linaziba tundu hilo na mengine mengi.

Lakini haliwezi kuziba yaliyogunduliwa baada ya Januari 2020, na hapa nakuomba unisikilize kama ndugu. Kazi ya stesheneri si kopi tu. Wanafunzi wanakuja kuomba mkopo HESLB, vijana wanajaza maombi ya ajira, watu wanafungua barua pepe zao na kuandika nywila mbele ya kaunta yako. Usikubali nywila ya mteja iandikwe kwenye Windows 7. Chrome ilisimama kuihudumia kwenye toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo hata kivinjari chako kimeachwa nyuma. Zigawe kazi: ya kaunta, ikishapata masasisho, itolewe kabisa kwenye intaneti na ibaki ya kuchapa. Ya ndani, kama ina RAM ya GB 4, iwekee Linux Mint ya XFCE, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na unapata masasisho ya usalama hadi leo, iwe ndiyo ya mtandao. Sikushauri kuhamia Windows 10, maana masasisho yake ya kawaida ya bure nayo yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Faili la mteja lifunguliwe kwenye Linux, ligeuzwe PDF, ndipo lihamie kwenye ya kuchapa kwa flashi yako wewe, si ya mteja. Virusi vile vya shotikati vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, havitafanya kazi upande wa Linux.

Ukikwama njiani, niandikie namba ya kosa ikiwa kamili, mstari wa winver, na kama ulifika hadi KB947821, mistari ya mwisho ya ile CheckSUR.log. Na kabla ya kumrudia fundi, muulize Windows aliyokuwekea ni ya CD ya mwaka gani.