Vidole gumba vya GitHub vilitoka wapi

Vidole gumba ambavyo watu hubonyeza chini ya maoni kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuendeleza pamoja miradi ya programu za kompyuta, vilitokana na malalamiko ya hadharani, si ubunifu wa kampuni peke yake. Januari 2016 watunzaji wa miradi ya programu huria (ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) waliiandikia GitHub barua ya wazi, wakaiweka humohumo GitHub, na wenzao wakawa wanaongeza saini. Bado inasomeka, tafuta hifadhi (yaani ukurasa wa mradi) iitwayo dear-github. Kero mojawapo ilikuwa ile "+1": mtu akiunga mkono hoja anaandika hivyo tu, basi. Mtunzaji anapata taarifa, anaifungua akidhani kuna jipya, anakuta "+1" nyingine, na maelezo ya maana yamefukiwa huko katikati. Februari kampuni ikajibu na kuleta violezo vya kuripoti hitilafu, Machi ndipo vikaja vidole gumba na vikatuni vingine (emoji) vya kubonyeza badala ya kuandika "+1".

Ila watunzaji hawakupewa kila kitu papo hapo. Waliomba pia sehemu ambazo mtoa ripoti atalazimika kuzijaza, mfano toleo la programu analotumia. Fomu za namna hiyo zimekuja 2021, tena kwa majaribio kwanza.