Swali na Jibu: "Mafuriko yalishapita, kwa nini tusinunue bondeni?"

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba yetu ya kwanza mjini, kwa mkopo wa miaka 30. Tumebakiwa na mitaa miwili. Wa kwanza uko bondeni, kama mita 200 kutoka mtoni. Ni karibu na kazini kwetu sote wawili, na bei iko chini kwa karibu sehemu moja ya tano. Wa pili uko mlimani, na kila safari ya kazini itaongezeka dakika 25. Dalali ametueleza kuwa ule wa bondeni kwenye ramani umeandikwa eneo la "mafuriko ya miaka mia", na kwamba mafuriko hayo yalikuja miaka minane iliyopita, kwa hiyo yajayo watayaona wajukuu wetu. Majirani nao wanasema hakuna tatizo. Je, tununue?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Naanza na huyo dalali, maana maneno aliyowaambia nimeyasikia miaka yote niliyofanya kazi ya mito na mifereji, na kila ninapoyasikia najua kuna familia iliyokaribia kutia sahihi.

"Mafuriko ya miaka mia" hayana maana kwamba maji yakija leo yatapumzika miaka mia ndipo yarudi. Maana yake ni hii: kila mwaka upo uwezekano wa asilimia 1 kwamba maji yatafika kiwango fulani au kukipita. Mwaka ukiisha, hesabu inaanza upya. Chukua mfuko wenye kete 100, tisini na tisa nyeupe na moja nyeusi. Kila mwaka unatia mkono, unatoa kete moja, unaitazama, unairudisha. Dalali anataka muamini kwamba kete nyeusi ilitoka miaka minane iliyopita ikatupwa. Haikutupwa. Imo mfukoni, na mwakani mtatia mkono humo humo.

Sasa ipeleke hesabu kwenye mkopo wenu. Uwezekano wa kupita salama mwaka mmoja ni 0.99. Uzidishe wenyewe kwa wenyewe kwa miaka 30, unabaki na takribani 0.74. Yaani upo uwezekano wa asilimia 26 kwamba kabla hamjamaliza kulipa benki, maji ya kiwango hicho yatakuwa yamefika angalau mara moja. Zaidi ya robo! Mtu angewaambia gari fulani lina uwezekano wa robo kukatika breki kabla hamjamaliza deni lake, msingeuliza hata rangi yake.

Na yakija mara moja hayajafunga mlango. Mji wa Houston, Marekani, ulipata mafuriko makubwa mwaka 2015, yakarudi 2016, kisha kimbunga Harvey kikaleta makubwa kuliko yote mwaka 2017. Miaka mitatu mfululizo. Mtu aliyenunua mwishoni mwa 2015 akijiambia "ya karne yameshapita" alijibiwa mapema sana.

Mnasema majirani hawaoni tatizo. Siwatuhumu kwa uongo. Lakini mtu aliyehamia miaka saba iliyopita hakuyaona yale ya miaka minane, na kwa hatari ya asilimia 1 kwa mwaka, mtu anaweza kukaa miaka kumi na uwezekano wa kutoona chochote ukawa zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwa hiyo ushahidi wake, hata ukiwa wa kweli mtupu, hauthibitishi kitu. Isitoshe, aliyenunua hapo ana mali yake ya kulinda, na hatapenda kuwa wa kwanza kuusema vibaya mtaa wake.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haiwaambii. Ile asilimia 1 ilipigwa kutokana na mvua na mto wa miaka iliyopita, na huko juu mto unakotoka watu wanaendelea kujenga. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama kwenye udongo na kwenye mizizi, ikafika mtoni polepole. Likiwekwa paa na ua wa zege, yanakimbilia mtaroni yote kwa pamoja. Zidisha kwa nyumba elfu moja zilizojengwa tangu ramani ichorwe. Mto ule ule, mvua ile ile, lakini maji yanapanda juu zaidi na haraka zaidi. Harvey ilipokuja, nyumba nyingi sana zilizoingia maji zilikuwa nje ya eneo la hatari lililochorwa. Mstari wa ramani ni makadirio. Si ukuta.

Ndiyo maana mimi nikiitwa kukagua mtaa, nyumba yenyewe naiacha mwisho. Naanza na kalavati, yaani bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Napima upana wa bomba la juu na la chini, kwa sababu nimeshakuta zaidi ya mara moja bomba pana linaingiza maji kwenye bomba jembamba, na mtaa mzima uko katikati. Natazama nyavu za uzio: majani makavu na vipande vya plastiki vilivyonasa kwenye kimo cha goti, vyote vimelalia upande mmoja, vinaonyesha maji yalipita wapi na yakielekea wapi. Natazama vizingiti vya milango ya majirani. Nyumba tatu mfululizo zikiwa zimeongezewa tofali mbili mlangoni, mtaa umeshajieleza. Matete yakiota kwenye kiwanja kitupu, ardhi hiyo ina maji hata wakati wa kiangazi.

Nyumba moja siisahau. Sebule ilinukia rangi mpya, safi kabisa, na mnunuzi alikuwa ameshatoa malipo ya awali. Nikaomba kabati la jikoni livutwe. Nyuma yake fundi wa rangi hakufika, na pale kulikuwa na mstari wa kahawia ukutani, umenyooka kama umepigwa rula, juu kidogo ya kiuno changu. Chini yake plasta ilikuwa imetoa unga mweupe wa chumvi, ukiusugua kwa kidole unadondoka. Yule mama mnunuzi aliweka kiganja chake juu ya ule mstari, akakiacha pale kwa muda mrefu bila kusema neno. Vuteni makabati. Mwenye nyumba akikataa, mmeshajua mnachotaka kujua.

Wauzaji wa tiba za mkato ndio wananiumiza zaidi. "Mjaze kifusi, kiwanja kitapanda." Kitapanda, na maji yatasukumwa kwa jirani, na kifusi kisichoshindiliwa kwa tabaka kitatitia na kupasua kuta. "Mweke ukuta kuzunguka nyumba." Maji ya mafuriko hayaji kwa mlangoni tu. Mfereji wa majitaka ukijaa, yanarudi kwa njia ya choo na tundu la bafuni, mkiwa ndani ya ukuta wenu mzuri, na hapo bila vali ya kuzuia maji kurudi hamna la kufanya. "Mtafunga pampu." Pampu inataka umeme, na dhoruba inayoleta maji mara nyingi ndiyo inayokata umeme. Hivi vyote vina mahali pake katika kupunguza madhara ya nyumba ambayo tayari unayo. Kumshauri mtu anunue kwa kutegemea vitu hivyo ni kumpeleka pabaya kwa makusudi.

Siku hizi wameongezeka na wale wa video fupi mitandaoni: "Mtaa huu unakuja juu, wahi kabla bei haijapanda." Hawasemi kamwe uko juu ya nini. Mwaka 1985 tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, liliangusha majengo mengi ndani ya mji huo, na maangamizi makubwa yalikuwa kwenye mitaa iliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale. Walioketi kwenye ardhi ngumu ya mji huo huo walitikiswa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1989 San Francisco, mtaa wa Marina, mzuri na wa bei ya juu, uliumia vibaya kwa sababu sehemu yake ilikuwa bahari iliyojazwa kifusi mwanzoni mwa karne ya 20. Watu walinunua mandhari. Ardhi ya chini hakuna aliyewaonyesha. Mnaponunua mtaa popote pale, tafuteni picha za zamani na ramani za zamani zaidi mnazoweza kupata, muone palikuwa nini kabla hapajawa mtaa: bwawa, machimbo, dampo, kinamasi. Majina ya mitaa nayo husaidia. Wazee hawakuita mahali "dimbwini" bila sababu.

Na msijifariji kwamba benki imekubali. Mthamini wa benki anakadiria kama nyumba itauzika mkishindwa kulipa. Hajapewa kazi ya kukadiria kama watoto wenu watalala pakavu. Bima pia, isomeni kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, mtafute neno mafuriko liko upande wa yanayolipwa au upande wa yaliyotengwa, na muulize gharama yake kwa mwaka. Ile sehemu ya tano mnayookoa kwenye bei inaweza kuyeyukia hapo.

Sasa safari. Dakika 25 kwenda na 25 kurudi, kwa siku za kazi 230, ni karibu saa 190 kwa mwaka kwa kila mmoja wenu. Ni gharama halisi, siibezi, na ndoa nyingi zimechoshwa na barabara. Lakini mkiona safari imewashinda baadaye, mnaweza kubadili kazi, saa za kazi au usafiri. Kimo cha kiwanja hakibadiliki. Mlimani nako msinunue kwa kufumba macho: tazameni miti iliyoinama upande mmoja, nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye kuta, na kuta za kuzuia udongo zilizotunisha tumbo bila matundu ya kutolea maji.

Kwa hiyo, kama mnaulizwa leo, jibu langu kwa nyumba ya bondeni ni hapana. Kinachoweza kunibadilisha ni kipimo, si maneno. Mlipeni mpima ardhi awape kimo cha sakafu ya nyumba hiyo, na kimo cha alama ya juu kabisa ya maji ya miaka minane iliyopita, ambayo mtaipata kwenye ukuta wa mtu fulani mtaani hapo mkiitafuta kwa bidii. Sakafu isipozidi alama hiyo kwa angalau nusu mita, iacheni. Rudini pia siku ya mvua kubwa, jioni, bila dalali, msimame kwenye kalavati ya mtaa huo. Mkishapata tarakimu hizo mbili niandikieni nizisome, hata kama mmeambiwa mwisho wa kulipa ni Ijumaa.