Msimu wa kukata shina la bonsai ya mepo

Mti wangu wa kwanza wa bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo chunguni, ulikuwa mepo (maple) wa Kijapani, nami niliukata shina mwishoni mwa Februari, hapa Leeds, Uingereza, kwa kuwa haukuwa na jani hata moja nami nikadhani umelala. Nimekulia Muheza, ambako pingili ya muhogo huchomekwa ardhini mvua zinapoanza na ikachipua bila kubembelezwa. Mepo haina tabia hiyo. Dakika chache baada ya kuweka msumeno chini, kidonda kilianza kutiririsha maji, na kwa siku nne rafu ilikuwa imelowa huku nta ya kuzibia ikibanduka kila nilipoipaka.

Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yanapoganda na mchana joto likapanda, maji ya ndani ya mepo huwa na msukumo mkubwa. Ndiyo maana wakulima wa Kanada na wa jimbo la Vermont, Marekani, hutoboa miti yao wakati huohuo, wakikusanya lita 40 hivi za maji ili wapate lita 1 ya sharubati nzito tamu. Maji yaliyopotea hayakuuua mti wangu. Kilichouponza ni kidonda kubaki kibichi bila kufunga, hata shina likakauka kushuka chini na kulipita fundo (mahali pa shina panapochipuka macho) nililolitegemea, kisha vuli ilipofika vipele vya rangi ya chungwa vya kuvu wa Nectria cinnabarina vikatokeza kwenye ganda lililokufa.

Siku hizi hungoja majani yakomae, yaani mwisho wa Mei au nusu ya kwanza ya Juni, yanapoacha kuwa laini na teketeke. Wakati huo mti umekwisha kurudisha akiba uliyoitumia kuchipua, majani yanayavuta maji kwenda juu kiasi kwamba kidonda hakivuji, na chipukizi jipya lina muda wa kukomaa kabla ya baridi. Julai ikiisha, msumeno wangu haugusi shina.

Hata hivyo, Juni haitoshi ikiwa shina bado ni jembamba. Unene huletwa na wingi wa majani yaliyo juu, kwa hiyo ukikata mapema unauzuia kwa miaka. Mti ninaoutaka uwe na kimo cha sentimita 30 huukata kwenye sentimita 10 hivi, lakini baada tu ya kitako chake kufikia sentimita 5, jambo ambalo hutokea ardhini au katika sanduku kubwa, si katika chungu cha bonsai. Ikiwa mizizi ilipunguzwa Machi, shina lisubiri mwaka mwingine. Na kama mche ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya shina la mche mwingine, tafuta kwanza kovu la kiungo hicho, maana ukikata chini yake utapata majani ya mti mwingine, si yale uliyoyalipia.

Sikati penye fundo lenyewe, bali huacha kisiki cha sentimita 2 au 3 juu yake, kwa sababu sehemu hiyo aghalabu hukauka. Mkato wa mshazari wa kuondoa kisiki hicho huja mwaka unaofuata. Mti wa pili niliukata hivyo mwezi Juni, na siku ya 19 macho mawili mekundu yakajitokeza kwenye fundo, yakielekeana kama ilivyo kawaida ya mepo. Niliyaacha yote mawili hadi vuli, kisha nikaondoa lile dhaifu, na lililobaki ndilo shina la juu hadi leo.