Tuisheni ya hesabu: tazama kalamu iko mkononi mwa nani

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa kidato cha tatu, pole na hongera kwa kulishughulikia mapema. Umesema yuko shule ya bweni, nyumbani ni Kiamunyi, muhula uliopita alileta D+ ya hesabu ilhali masomo mengine anapata B, na sasa una nambari tatu za simu: ya kituo cha tuisheni mjini, ya mwalimu wake mwenyewe wa hesabu anayefundisha pembeni wakati wa likizo, na ya mwanafunzi wa ualimu pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Unataka kujua umpigie nani. Nitajibu kwa urefu kwa sababu nimepitia pande zote mbili. Nimefundisha hesabu sekondari hapa Nakuru na kule Njoro kwa miaka mingi, nikafundisha watoto wa watu majumbani, na wanangu wawili nikawatafutia walimu wa nje, maana mtoto akifundishwa hesabu na mzazi wake mara nyingi huishia machozi. Siku hizi sifundishi kwa malipo, kwa hivyo sinadi biashara.

Kabla hujampigia yeyote kati ya hao watatu, tafuta karatasi za mtihani za kijana zilizosahihishwa. Sisemi ripoti. Ripoti ina herufi na maneno ya mwalimu wa darasa, "ajitahidi zaidi", basi. Kuna D+ ya mtoto aliyeacha nusu ya maswali wazi, na kuna D+ ya mtoto aliyejaza kila ukurasa, akaenda vizuri mistari mitatu, kisha akateleza mahali pale pale swali baada ya swali. Wa kwanza ama hakufundishwa zile mada ama amekata tamaa. Wa pili anajua mengi, ila kuna kitu kidogo cha zamani kinamwangusha. Kumwitia mtoto mwalimu kabla ya kujua yeye ni yupi kati ya hawa ni kama kumeza dawa ya malaria bila kupimwa damu.

Nikupe mfano mmoja. Niliwahi kuletewa msichana wa kidato cha tatu, watu wa mtaa wa Section 58. Mama yake aliniambia kwenye simu kwamba shida ni matriki na milinganyo ya duara, kwa hivyo nimfundishe hizo mbili tu. Nilipofungua karatasi zake niliona makosa ya matriki kweli, lakini yalikuwa na sura moja. Nikaweka mada hizo kando, nikamwandikia swali la kidato cha kwanza:

3 − 2(x − 4) = 5

Akaandika bila kusita: 3 − 2x − 8 = 5, akamaliza na x = −5. Mwandiko safi, hatua zote zimepangwa. Sikumwambia amekosa. Nikamwambia arudishe ile −5 mahali pa x aone kama upande wa kushoto utatoa 5. Akahesabu, akapata 21. Akarudia kwa kikokotoo, 21 tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani mtu anaweza kujisahihisha mwenyewe?" Miaka miwili na zaidi ya sekondari, hakuna aliyemwonyesha hilo. Hasi mbili nje na ndani ya mabano, ambazo zikizidishwa hutoa chanya (ilitakiwa + 8, si − 8), ndizo zilizokuwa zikimla alama kwenye duara, kwenye upanuzi wa binomia, na kwenye kutafuta determinant ya matriki kila palipokuwa na namba hasi. Matriki alikuwa anayaelewa vizuri tu. Tulikaa kwenye mabano, hasi na sehemu mpaka mkono wake ukazoea, na mada za kidato cha tatu zikaanza kufunguka zenyewe, nyingine bila mimi kuzigusa.

Nimeeleza hayo kwa sababu ndiyo hali ya watoto wengi ninaowajua. Mzazi anasikia jina la mada mpya, anatafuta mtu wa kuifundisha mada hiyo, na mwalimu naye anafundisha alichoitiwa. Kumbe karibu kila mada ngumu ya kidato cha tatu imesimama juu ya aljebra na sehemu za kidato cha kwanza na cha pili. Na usidhani kurudi nyuma ni kupoteza wakati. Karatasi ya kwanza ya hesabu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutungwa zaidi kutokana na kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, na ya pili kutokana na kidato cha tatu na cha nne. Kila karatasi ina alama 100. Mtoto anayetengeneza msingi wake anajiandaa moja kwa moja kwa karatasi nzima.

Sasa simu. Ukipiga, usianze na bei. Sema tu: "Nina kijana wa kidato cha tatu, hesabu inamsumbua, ungependa tuanzie wapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Wengi watakutajia ratiba na ada, wengine wakuahidi B au A kufikia mtihani. Mtu anayekuahidi gredi ya mtoto ambaye hajamwona, mshukuru ukate simu. Unayemtaka ni yule atakayekuuliza kama karatasi zake za mtihani na madaftari yapo, alianza kushuka lini, na kijana mwenyewe anasemaje. Mwalimu wa namna hii anaweza kuwa na shahada au akawa bado chuoni. Utamjua kwa maswali yake.

Ukimpata, keti nao kipindi cha kwanza. Huhitaji kujua hesabu hata kidogo. Tazama kalamu iko mkononi mwa nani. Ikipita nusu saa na mwandiko uliojaa kwenye daftari ni wa mwalimu, huku kijana anatikisa kichwa akisema "nimeelewa", umelipia kijana wako amtazame mtu mwingine akifanya hesabu. Hapo hapo ataona rahisi. Kesho akiwa peke yake hataweza kuanza. Mwalimu mzuri huandika kidogo, humpa kijana swali, huacha akwame dakika kadhaa, kisha huuliza, "Mstari huu umeutoa wapi?" Anauliza hivyo hata jibu likiwa sahihi. Wazazi wengine huona ule ukimya wakadhani mwalimu ni mvivu. Vumilia ukimya huo, ndipo kazi inapofanyika.

Jambo hili lina uzito kwenye mtihani wenyewe. Karatasi ya KCSE inamwagiza mtahiniwa aonyeshe hatua zote za hesabu yake, na inasema wazi kwamba alama zinaweza kutolewa kwa njia sahihi hata jibu likiwa si sahihi. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, na mtahiniwa huchagua 5. Mtoto aliyezoeshwa kubonyeza kikokotoo na kuandika jibu tupu anaacha alama nyingi mezani. Ukisikia mwalimu anajisifu kwa njia za mkato, muulize hatua za kazi ataziandika nani.

Kuhusu zile nambari zako tatu, nitasema ninavyoona.

Kituo cha mjini singekichagua kwa kijana huyu. Darasa la watoto thelathini kutoka shule tofauti haliwezi kurudi kwenye mabano kwa ajili ya mmoja, na atarudishwa kwenye mwendo ule ule uliomwacha shuleni. Halafu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na nia yake naiunga mkono: watoto walikuwa hawapumziki. Ninachokizungumzia hapa ni mwalimu mmoja na kijana mmoja nyumbani kwenu, saa moja na nusu hivi, siku mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine acheze mpira.

Mwalimu wake wa shule anayedai malipo pembeni, hapana kabisa. Anaweza kuwa fundi wa kazi yake, lakini mtoto anayeona mwalimu huyo huyo anafundisha kwa bidii zaidi yule aliyelipa hujifunza kitu kibaya, na asiyelipa naye anaumia. Unachoweza kumwomba ni bure na ni haki yako: siku ya wazazi keti naye, mwambie akuonyeshe kwenye karatasi kijana anapoangukia.

Mwanafunzi wa Egerton ningemwita kwanza. Wanaosomea ualimu wa hesabu wakiwa mwaka wa tatu au wa nne wana subira, bado wanakumbuka walipokwama wenyewe, na kijana huwauliza maswali ambayo angeona haya kumuuliza mtu mzima. Kwa kutengeneza kazi ya kidato cha kwanza na cha pili wanafaa sana. Kasoro yao ni kwamba hupotea wakiwa na mitihani yao au wakitumwa mazoezi ya kufundisha, kwa hivyo muulize mapema ratiba yake. Kijana akifika kidato cha nne na msingi ukiwa umekaa, hapo unaweza kutafuta mwalimu mzoefu, mwenye nambari ya TSC (tume ya walimu), aliyewahi kusahihisha mtihani ikiwezekana, amfundishe kugawa saa mbili na nusu za karatasi na kuchagua yale maswali matano.

Yeyote utakayemchukua, masomo yawe sebuleni au kwenye veranda, mlango wazi, na mtu mzima awepo nyumbani. Shika nakala ya kitambulisho chake, ongea na mzazi mmoja aliyewahi kumtumia. Mazungumzo ya masomo kwenye simu yapitie kwako, hasa kama ni binti. Mwalimu mwenye nia njema haudhiki na hayo. Mimi nilikuwa naomba mlango uachwe wazi kabla mzazi hajasema.

Bei nilizozisikia mjini hapa zinaanzia kama shilingi 300 kwa saa kwa mwanafunzi wa chuo, na mwalimu mzoefu anaweza kuomba 1,000 au zaidi. Msikilizane nauli pia, maana kutoka Njoro hadi Kiamunyi ni matatu mbili. Lipa kwa kipindi au kwa wiki. Usilipe likizo nzima kwanza, hata ukipunguziwa, kwa sababu utashindwa kumwachisha kazi ukiona kalamu haitoki mkononi mwake. Kama pesa ni kidogo, ungana na jirani mwenye mtoto wa kiwango hicho hicho, wawe wawili au watatu. Nasema kiwango, si darasa.

Akirudi bweni, kazi isikatike. Mwalimu amwachie daftari dogo la maswali machache ya kila siku, yale ya zamani aliyokuwa akikosa, ajisahihishe kwa kurudisha jibu kwenye swali kama yule msichana. Vitabu vya karatasi za miaka iliyopita usimnunulie sasa. Akiwa na mashimo kwenye msingi atakariri majibu yake tu, na mtihani ukibadilisha namba anapotea.

Muda upo, lakini si wa kuchezea. Kijana wako yuko katika darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, watakaofanya KCSE mwaka 2027, na tangu mtihani wa 2023 hesabu na lugha moja ndizo lazima ziingie kwenye gredi ya wastani, hayo mengine yakichaguliwa matano aliyofanya vizuri zaidi. B zake haziwezi kuifunika hiyo D+. Wenye watoto wa gredi ya 10 katika mfumo mpya, yenu ni tofauti kidogo: walio mkondo wa sayansi wanasoma hesabu ya ndani zaidi kuliko wenzao wa mikondo mingine miwili, kwa hivyo mwambieni mwalimu mapema mtoto anasoma ipi.

Kuhusu matokeo, usingoje ripoti ya muhula. Baada ya wiki tatu hivi, chukua swali moja kutoka kipindi cha kwanza kabisa, badilisha namba, umpe kijana jioni mwalimu akiwa hayupo. Muombe akueleze kwa sauti anavyofanya. Akieleza kwa maneno yake, endelea na mwalimu huyo. Akisema "mwalimu alifanya hivi" bila kujua kwa nini, zungumza na mwalimu kwanza, umpe wiki nyingine, kisha uamue. Na kama karatasi za mtihani kijana amezitupa, kama wengi wanavyofanya, mpe hilo swali langu la mabano usiku huu, ukae kando, uone mstari wa pili ataandikaje.