Ukikereza kirungu cha gia, anza na tundu

Wengi wakitaka kujikerezea kirungu cha gia huanza kwa kuchora umbo: kiwe duara, kiwe kama yai, kiwe na kiuno. Mimi nasema umbo lisubiri. Kinachoamua kama kirungu kitadumu au kitaanza kucheza mkononi ni tundu la chini, pale kinapokaa kwenye fimbo ya gia.

Fungua cha zamani ukague thredi, yaani mizunguko ya skrubu. Toyota nyingi za gia za mkono ni M12x1.25 (kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.25 kati ya mzunguko na mzunguko), Honda nyingi M10x1.5, Nissan nyingi M10x1.25. Hata hivyo hakikisha mwenyewe: tafuta nati ya kipimo hicho uizungushe kwa vidole kwenye fimbo. Ikishuka mpaka chini bila kulazimishwa, ndiyo yenyewe. Gari la otomatiki lenye kitufe kwenye kishikio, au lenye pete ya kuinua ndipo rivasi iingie, lina kazi yake tofauti.

Usikate thredi kwenye mti wenyewe, hata uwe mgumu vipi. Mtetemo wa gari na kuvutwa kila siku vitazila. Chukua kipande cha brasi chenye unene wa milimita 20 na urefu wa 30 hivi, kisha, kama fimbo yako ni M12x1.25, kitoboe kwa biti ya 10.8 na upitishe tapu (chombo cha kukata thredi ndani ya tundu) ya kipimo hicho. Kikwaruze nje kwa tupa ili gundi ipate pa kushika. Toboa gogo lako likiwa bado la mraba, kipachike kile kipande cha brasi ndani kwa gundi ya epoksi, uache mpaka kesho.

Sasa kata kichwa cha bolti ya kipimo kilekile, ibane kwenye chaki (taya za kubania) ya mashine ya kukereza, weka nati ya kuegemea, kisha fungia gogo hapo. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kirungu kinazunguka kwenye mhimili uleule kitakaokaa garini, na kadiri patasi inavyokata ndivyo kinavyozidi kujikaza kwenye bolti. Simamisha mashine mara kwa mara ukishike, viganja vya watu havifanani. Iache patasi yenye makali ikate yenyewe, usiisukume. Glavu na mikono mirefu ya shati weka mbali, na ukifika kwenye msasa ondoa kwanza egemeo la patasi.

Mti? Mpingo ni mzito hata unazama majini, na uzito huo unasikika vizuri ukiingiza gia. Lakini unamaliza makali upesi, vumbi lake huwasha, na usipokauka sawasawa utapasuka gari likishinda juani. Anayeanza namshauri mninga. Unakatika vizuri na hautanuki wala kusinyaa ovyo. Barakoa vaa kwa yote miwili.

Msasa anza na namba 120, panda hadi 400, ukifuta vumbi kila hatua. Kung'arisha kwa shelaki, aina ya vanishi, sikushauri kwa kirungu: vitakasa mikono vina alkoholi, na alkoholi huyeyusha shelaki. Paka mafuta ya kitani yaliyotengenezwa kukauka, tabaka jembamba, futa yanayobaki juu, acha yakauke kabisa kabla ya kurudia. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke, usiyakunje ukayatupa pembeni, maana hupata joto yenyewe na kuwaka moto.