Fundi Anakujibu: Kamera 16 Zinapoilemea Kompyuta Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa ghala la mahindi na alizeti hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Tuna kamera 16 za usalama, kila moja ya megapikseli 4, na zote zinarekodiwa na kompyuta moja ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ngumu moja ya terabaiti 8. Tulipokuwa na kamera 6 hapakuwa na shida. Tangu tulipoongeza nyingine 10, prosesa haishuki chini ya asilimia 95 na picha zinaganda. Juzi ulipotokea ubishi kwenye mizani, tulitafuta rekodi tukakuta dakika kadhaa hazipo. Fundi mmoja anasema tununue kompyuta mpya. Mwingine anasema tuzihamishie kamera zote kwenye H.265, namna mpya ya kubana video, ili mzigo upungue. Tumfuate yupi?
(Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate hata mmoja. Kabla ya kuihukumu kompyuta, tuhesabu kazi iliyotwishwa.

Picha moja ya kamera yako ina pikseli 2560 kwa 1440, yaani pikseli 3,686,400. Ikiwa kila kamera inatuma fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa sekunde, kamera 16 zinaidai kompyuta ifumbue (yaani ifungue video iliyobanwa ili iweze kuonekana) takriban pikseli bilioni 1.47 kila sekunde, usiku na mchana. Sasa itazame skrini yenyewe. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 haiwezi kuonyesha hata kamera moja kwa ukamilifu wake, na ukiigawa visanduku 16, kila kamera inaambulia pikseli 480 kwa 270 tu. Kwa maneno mengine, prosesa inatoka jasho kufumbua picha kamili, kisha inatupa zaidi ya asilimia 96 ya kile ilichofumbua, kwa sababu hakuna mahali pa kukionyesha.

Dawa yake ipo tayari ndani ya kamera. Kamera nyingi za mtandao hutuma mikondo miwili kwa wakati mmoja: mkondo mkuu wenye picha kamili, na mkondo mdogo wenye picha hafifu, kwa kawaida ya pikseli 640 kwa 360. Gawanya mwenyewe uone kwamba picha ya mkondo mdogo ni sehemu moja ya 16 ya ile kubwa, hivyo kufumbua mikondo midogo ya kamera zote 16 ni sawa na kufumbua mkondo mkuu wa kamera moja. Iamuru programu yako itumie mkondo mdogo kwa kuonyesha na kwa kutambua mwendo, na mkondo mkuu ubaki kwa kurekodi peke yake, ukifumbuliwa pale tu unapoikuza kamera moja ijaze skrini. Wakati huohuo shusha fremu kutoka 25 hadi 15 kwa sekunde. Kwa watu wanaobeba magunia, fremu 15 zinatosha kabisa, na kazi ya kufumbua inapungua kwa asilimia 40.

Hatua ya pili ni namna ya kurekodi, na hapa ndipo ninaposhuku kuwa dakika zako zilipotelea. Video inapotoka kwenye kamera huwa imeshabanwa, kwa hiyo kompyuta haina sababu ya kuifumbua na kuibana upya. Inatakiwa iipokee na kuiandika kwenye diski vilevile ilivyokuja. Hata hivyo, mtu akichagua tarehe na saa ziandikwe juu ya picha na programu ya kompyuta, programu inalazimika kuifumbua kila fremu, kuichorea maandishi, kisha kuibana tena, na kazi ya kubana ni nzito kuliko ya kufumbua. Zima maandishi hayo kwenye kompyuta, uyawashe ndani ya kamera, halafu hakikisha umechagua kurekodi moja kwa moja bila kubana upya.

Kuhusu H.265, fundi wako wa pili ana nusu ya ukweli. Kodeki hiyo, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hupunguza ukubwa wa video ukilinganisha na H.264 iliyoitangulia, na hilo ni nafuu kwa diski na kwa mtandao. Lakini kuifumbua ni kazi ngumu zaidi. Prosesa yako ya kizazi cha nne ina sakiti ya picha inayofumbua H.264 bila kuisumbua prosesa yenyewe, ila kwa H.265 uwezo kamili wa aina hiyo ulianza na kizazi cha sita, mwaka 2015. Ukihamia H.265 leo, kazi yote itaiangukia prosesa ileile inayolia. Baki na H.264, kisha washa ufumbuzi wa Intel Quick Sync, yaani ule unaofanywa na sakiti hiyo ya picha, kwenye mipangilio ya programu. Mara nyingi huachwa umezimwa. Ukiona kumbukumbu ya gigabaiti 8 ni kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho, kwa kuwa sakiti hiyo ya picha inatumia kumbukumbu ya kompyuta, na vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data.

Diski yako haina kosa kubwa. Kamera 16 zikituma megabiti 4 kwa sekunde kila moja, jumla ni megabiti 64, yaani megabaiti 8, kwa sekunde, ambazo diski ngumu yoyote nzima inazimudu; kwa siku zinakuwa gigabaiti 691 hivi, na rekodi zitakaa takriban siku 11 na nusu. Kinachoichosha ni kuishi nyumba moja na Windows. Weka Windows na faili za programu kwenye SSD ndogo (diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka), diski kubwa ibaki na video pekee, na uiambie antivairasi isiikague folda ya rekodi.

Halafu fungua kasha la kompyuta. Vumbi la kiangazi cha Kongwa likichanganyika na pumba za ghalani huziba feni upesi, na prosesa hiyo inapokaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Ipulizwe na ihamishiwe ofisini, mbali na mashine ya kupepetea.

Ikiwa baada ya haya yote prosesa bado inazidi asilimia 60, hapo kununua kuna maana. Chukua Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, isiyo na herufi F mwishoni mwa jina lake, kwa kuwa zenye herufi hiyo hazina sakiti ya picha.

SWALI: Nyumba yetu ya wageni ina kamera 8 za megapikseli 8. Prosesa haifiki asilimia 30, lakini picha hukatikakatika usiku tu. Kwa nini?
(Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Tafuta kosa kwenye mtandao, kompyuta iache. Gizani picha hujaa chengachenga, na kamera iliyoachiwa kiwango cha data kinachobadilika hutuma data nyingi zaidi kwa kudhani kila chenga ni kitu cha kuhifadhiwa. Kamera 8 zikipanda hadi megabiti 16 kila moja, zinakuwa 128, na waya unaotoka kwenye swichi (kifaa kinachoziunganisha nyaya za kamera) kwenda kwenye kompyuta ukiwa wa megabiti 100 haupitishi. Wekea kila kamera kikomo cha megabiti 8. Kisha kagua waya huo: kasi ya megabiti 1000 inahitaji nyuzi zote nane, ilhali ya 100 inaridhika na nne, hivyo uzi mmoja uliobanwa vibaya kwenye kichwa unaweza kuirudisha swichi nzuri kwenye 100 bila taarifa yoyote. Na mwambie kijana wa usafi afute utando wa buibui mbele ya kamera, kwa sababu unang'aa kwenye mwanga wa infraredi na kuongeza data bure.